Wafula alipolia jukwaani

Swali: Mwalimu wa sekondari kutoka Mbale, mashariki mwa Uganda, ameniandikia kuhusu tamthilia ya Kiswahili aliyowatungia vijana wa kikundi chake. Katika onyesho la pili, mzee wa nyumba analetwa maiti kutoka hospitalini juu ya pikapu. Mwanawe wa kwanza, Wafula, anaanguka katikati ya jukwaa, analia kwa sauti na kutoa maneno marefu ya uchungu. Ukumbi ukaangua kicheko, na kijana mmoja akapaza sauti kwamba huyo avishwe gomesi, vazi la wanawake. Nambozo, mjane wa mzee na mama yake Wafula, hatokwi na chozi. Anazunguka na birika akiwamiminia waombolezaji chai. Huyo wakamwita mchawi. Mwalimu anauliza kama mwanaume anayelia kwenye hadithi hupoteza heshima yake mbele ya hadhira yetu, kama amwondolee Wafula machozi na kumpa Nambozo ili watu waridhike, na kama kosa ni la kalamu yake au ni la jamii. Mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, ameongeza kwamba mwaka jana alimzika mama yake bila kulia, na kwamba mke wake humwambia amegeuka jiwe.

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, pole sana kwa kufiwa na mama. Nimeanza na jambo uliloliweka mwisho kwa sababu, katika miaka ishirini na zaidi ya kufundisha fasihi na kuwasikiliza watu kama mnasihi, nimejifunza kwamba mwanaume anapoandika barua ya kurasa tatu, jambo lililomfanya ashike kalamu mara nyingi liko kwenye mstari wa mwisho. Nitalirudia. Kwanza tuizungumzie tamthilia, kwa kuwa ndiyo uliyoniulizia, na kwa kuwa naamini maswali yako yote ni swali moja.

Kalamu yako haikukosea kumliza Wafula. Ilikosea mahali pa kumlizia. Kwa maelezo yako, jukwaani palikuwa na watu wanane, ndugu na majirani, na hakuna hata mmoja aliyemsogelea. Waliganda wakingoja amalize maneno yake, naye akawa analia huku uso ameuelekeza kwa watazamaji. Machozi yale hayakuwa na mpokeaji. Mzigo wote ukatupwa ukumbini, kwa watu waliokaa kwenye viti vya plastiki, wasioweza kuinuka kwenda kumshika mkono mtu wa kuigiza. Na mtu akipewa uchungu asioweza kuufanyia chochote, aghalabu hucheka. Kicheko kile nakijua. Nilikisikia darasani siku mvulana wa kidato cha tatu alipokuwa akisoma insha aliyoiandika juu ya dada yake marehemu, sauti ikamkatika katikati ya sentensi. Wenzake walicheka, na wawili kati yao, nilipowatazama vizuri, walikuwa wakicheka huku macho yamewajaa maji.

Watu husema mwanaume halii, lakini sote tumewaona wanaume wakilia. Tarehe 4 Septemba 2016, pale uwanjani Namboole, timu yetu ya taifa ilipoifunga Komoro bao 1 kwa 0 na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978, nilikaa nyuma ya mzee mwenye mvi aliyelia mpaka mabega yakamtikisika, na hakuna aliyemwambia avae gomesi. Machozi ya mzee yule hayakumwomba mtu kitu chochote. Kila aliyekuwa karibu naye alikuwa na furaha ileile, kwa hiyo hakuna aliyedaiwa. Wafula wako alikuwa anadai. Alikuwa na shimo moyoni, na alihitaji mtu wa kulisimamia pamoja naye. Kwa maoni yangu, kinachoogopwa kwa mwanaume hakiko machoni kabisa: kinachoogopwa ni kuonekana akimhitaji mtu.

Lugha yetu inatusaidia kuliona jambo hili waziwazi, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hakisemi kama mtendaji ni mwanaume au mwanamke. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika ubaoni, katika wiki ya kwanza ya muhula, sentensi hii: "Aliingia jikoni, akafunga mlango, akalia, kisha akanawa uso, akarudi sebuleni kwa wageni." Kisha nawauliza wanafunzi, huyu ni nani? Karibu darasa zima hujibu kwamba ni mama. Nafuta neno "akalia", naandika "akaupiga ukuta ngumi", na papo hapo mtu yuleyule anageuka baba, ingawa jikoni ni palepale, mlango ni uleule na wageni ni walewale. Sentensi haikusema lolote kuhusu jinsia. Wao ndio walioileta kutoka nyumbani na kuibandika kwenye kitendo. Mwanamke amekabidhiwa machozi na mwanaume amekabidhiwa hasira, na kila mmoja anatakiwa kuitumia hiyo moja kwa kila kitu: akiogopa, akiaibika, akifiwa, akipenda asipendwe. Wahenga waliposema kilio huanza mfiwa hawakueleza mfiwa huyo ni wa kike au wa kiume, na sidhani kama walisahau.

Najua utanijibu, kama wengi wanavyonijibu, kwamba mila za Masaaba, nchi yetu sisi Wagisu, zinadai ugumu, na kwamba anayewaandikia Wagisu hawezi kulipuuza hilo. Mimi pia ni mtoto wa Masaaba, nilizaliwa Bududa, na ndugu zangu wote wa kiume wamesimama uani. Katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, imbalu, tohara yetu ya vijana, inapofunguliwa Mutoto, tunawaona vijana waliopakwa unga na kimea wakicheza barabarani kwa siku nyingi, kisha wakisimama uani kwa baba zao bila kupepesa macho kisu kinapopita. Hilo ndilo linalopigwa picha, na ndilo wanalolitaja wanaosema kwamba mwanaume wa kwetu haonyeshi maumivu.

Sasa kumbuka kinachofuata. Kijana akishakatwa hukalishwa na kufunikwa shuka, na kwa siku tatu haruhusiwi kula kwa mikono yake mwenyewe. Analishwa. Mkono wa mtu mwingine unammegea chakula na kumpelekea kinywani kama mtoto mchanga, mpaka siku ya tatu ngariba anaporudi kumwosha mikono. Na ni siku hiyo ya kuoshwa mikono, baada ya kulishwa, ndipo anapotangazwa kuwa mwanaume. Jambo hili nimelitafakari kwa miaka mingi, na kila ninapolitazama linazidi kunishangaza kwa hekima yake. Wazee walioweka mila ngumu namna ile waliona kwamba dakika chache za kusimama imara zinahitaji siku tatu za kuhudumiwa, na wakaziweka siku hizo ndani ya mila yenyewe, kabla ya jina la uanaume kutolewa. Sisi tumezichukua zile dakika chache tukazitandaza ziwe maisha yote ya mwanaume, na zile siku tatu tumeziacha uani. Hata neno letu la kila siku, "jikaze", limetoka kwenye kamba: kamba hukazwa mzigo unapofungwa, na mzigo ukishafika hulegezwa, maana kamba inayobaki imekazwa mwaka mzima hukatika nyuzi moja moja bila mtu kuisikia.

Kwa hiyo swali la mwandishi lisiwe kama mhusika wake wa kiume analia au halii. Uliza ni nani atakayemlisha baada ya kisu. Ukiwa na jibu, anaweza kulia au asilie, na watu watamwamini. Ukikosa jibu, basi kukosekana kwa mlishaji ndiyo hadithi yenyewe, na yafaa uiandike kwa makusudi, kama Chinua Achebe alivyofanya mwaka 1958 katika riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Shujaa Okonkwo. Okonkwo amelelewa na hofu moja tu, hofu ya kufanana na baba yake aliyeonekana dhaifu. Ikemefuna, kijana aliyekaa nyumbani kwake miaka mitatu na kumwita baba, siku ya kuuawa kwake anamkimbilia Okonkwo, na Okonkwo anamkata kwa panga kwa kuogopa kuonekana mnyonge. Wengi husimama hapo wanapoifundisha riwaya hii. Mimi huwasihi wanafunzi wasogee mbele kidogo. Kwa siku mbili Okonkwo hali chakula. Anakunywa tembo tangu asubuhi hadi usiku, na anamwita mwanawe Nwoye aje akae naye chumbani. Hamtumi kitu wala hamfundishi kitu. Anataka tu mtu akae karibu. Lakini mtoto anamwogopa, na mara tu anapoona baba amesinzia, anatoka polepole na kumwacha. Tazama ilivyo nzito hiyo: siku ile mtu mgumu alipomhitaji mwenzake, ugumu wake wa miaka yote ulikuwa umekwisha kumfukuza mtu huyo.

Fasihi yetu wenyewe ya pwani ina picha kali zaidi. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Fumo Liyongo, shujaa asiyeshindwa na silaha yoyote, anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe akiwa usingizini. Anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, na anafia hapo hapo akiwa katika hali ya kulenga. Watu wa mji wakaogopa kuteka maji. Wakamwendea mama yake, naye akawa anakwenda kumbembeleza mwanawe kwa maneno matamu, kwa sababu kila mtu, hata mama aliyemzaa, alidhani kwamba amekasirika. Hawakujua kuwa amekufa mpaka mwili ulipoanguka. Utenzi huu husomwa kama sifa ya ushujaa, nami naukubali ushujaa wake, lakini sijui picha ya uanaume ninayoiogopa kuliko hiyo ya mtu aliyekwisha kufa ambaye ndugu zake wanamwona amekasirika tu. Nimewapokea wake wa watu ofisini kwangu ambao walikuwa wamesimama kisimani namna hiyo kwa miaka, wakibembeleza hasira isiyokuwa hasira.

Niruhusu nikueleze jambo la nyumbani kwetu. Mama yangu alifariki nilipokuwa darasa la sita. Usiku wa tatu wa matanga, wanawake wakiwa ndani na wanaume wakiwa nje wameuzunguka moto, nilitoka kwenda chooni nikamwona baba nyuma ya nyumba, peke yake, amekaa kwenye kigoda na kibatari miguuni, akichambua kahawa. Buni zile zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa. Mimi na mama tulizichambua wiki mbili kabla, na gunia lilikuwa limeshonwa mdomo kwa katani. Baba alikuwa amelifumua. Alikuwa akimimina ungo mmoja, anaipitisha mikono juu yake punje kwa punje, anatafuta mbovu asizozipata, kisha anamimina mwingine. Nilisimama gizani nikimtazama. Baadaye akaja mzee jirani yetu, ambaye kwa mambo ya mpaka wa shamba hawakuwa wakielewana na baba. Hakusema kitu. Alivuta gogo, akakaa, akauegemeza ungo magotini mwao wote wawili, akaanza naye kuchambua buni safi. Waliendelea hivyo mpaka nilipoitwa ndani, na asubuhi gunia lilikuwa limeshonwa tena. Baba hakulia mbele ya mtu siku zile zote, na sitamwita jiwe, maana najua alilishwa usiku ule. Hilo ndilo ningependa ulione unapoandika: wanaume wa kwetu wana namna zao za kuomba, nazo hupitia mikononi, na anayezijua huvuta gogo.

Sasa Nambozo, na hapa nitakushikilia zaidi, kwa sababu wewe mwenyewe umekuwa tayari kumpa machozi ya Wafula kana kwamba ni nguo isiyomtosha mmoja basi avae mwingine. Watu hudhani mwanamke ameruhusiwa kulia. Mwanamke ameamriwa kulia, na ruhusa na amri ni mambo mawili yaliyo mbalimbali sana. Nilipokuwa msichana, shangazi yangu alinionyesha mahali hasa pa kuanzia kilio tunapokwenda msibani: penye mparachichi, kabla ya kona ya kuingilia uani, ili sauti itangulie kufika. Alinifundisha kwa upendo, na kilio chake kilikuwa cha kweli, lakini kilikuwa pia kazi, na waliokaa uani waliisikiliza kama kazi inavyosikilizwa. Nani amelia sana, nani amelia kidogo, nani amenyamaza mapema. Mjane hupimwa kuliko wote. Machozi yake hayahesabiwi kuwa yake. Ni ushahidi unaotolewa mbele ya ukoo kwamba alimpenda marehemu na kwamba hakuhusika na kifo chake. Ndiyo maana Nambozo, kwa kukosa chozi tu, alihukumiwa uchawi na watu ambao hawakuwa na ushahidi mwingine wowote.

Wewe unajua kwa nini halii? Hukuniambia, na nadhani hukujiuliza. Fikiri anachokibeba mwanamke huyo saa ile: sukari imebaki kiasi gani, mikeka ya kulalia wageni iko wapi, nani ameingia chumbani kwa mzee akitafuta karatasi za ardhi, shemeji yupi amekwisha kuanza kuonyesha mipaka kwa fimbo. Akikaa chini alie, ufunguo wa stoo utashikwa na mtu mwingine, na pengine hautarudi. Macho yake makavu ni hofu iliyosimama wima. Mpe mstari mmoja tu wa kulionyesha hilo, hata bila maneno. Afunge ufunguo kwenye pindo la gomesi yake, watazamaji wauone anavyoukaza fundo, kisha ashike birika. Atakayemwita mchawi baada ya hapo atasikia sauti yake mwenyewe ukumbini.

Mwanamke anayesema uchungu wake kwa ukali naye hana nafuu. Hapa Uganda tunaye Lawino, mke katika shairi refu la Okot p'Bitek lililotokea mwaka 1966, anayelalamika kwa akili, kwa dhihaka na kwa kumbukumbu ya kila ngoma ya Kiacholi. Na mume wake alipopewa nafasi ya kujibu mwaka 1970, kitu cha kwanza alichokifanya ni kumwamuru anyamaze na afungashe vitu vyake, kisha akauita wimbo wake makelele. Mwanaume akionyesha maumivu huambiwa amekuwa mwanamke, na mwanamke akiyaeleza maumivu kwa hoja huambiwa anapiga kelele. Sheria ni ileile, imewafunga wote wawili kwa ncha mbili.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wenzetu wa Tanzania na Kenya hawalibebi kama sisi. Kwa Waganda wengi wa makamo, na kwa watu wengi wa nchi hii, Kiswahili kiliingia sikioni kwa amri: simama, toa kitambulisho, lala chini. Tangu enzi za jeshi la kikoloni kilikuwa lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani, na kwa vizazi vizima mtu aliyekisema alikuwa ni mwanaume mwenye bunduki, ama askari ama mwizi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini sikio halibadiliki kwa azimio. Naamini sehemu ya kicheko kile ilitoka hapo. Watazamaji wako hawajawahi kumsikia mwanaume akiwa mpole kwa Kiswahili, na ghafla wakamsikia akilia kwa lugha hiyo. Kwao ilikuwa kama askari wa kizuizini ameketi barabarani akaanza kulia. Wazoeshe masikio mapema. Katika onyesho la kwanza Wafula amwite mtoto wake "baba" kama tunavyowaita watoto wetu, ambembeleze, amwambie mke wake pole kwa kuni alizobeba, amshikie mzee bilauri ya maji. Wakishasikia Kiswahili kikituliza, kilio cha onyesho la pili kitakuwa na pa kutua.

Kuhusu wale watakaokuambia kuwa dini inakataza, nitapita haraka, maana jibu liko wazi. Injili ya Yohana inasema Yesu akalia machozi akielekea kaburini kwa Lazaro, mbele ya umati. Kurani inamtaja nabii Yakubu ambaye macho yake yalikuwa meupe kwa huzuni ya Yusufu, na Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, na alipoulizwa alijibu kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika. Yaliyokatazwa ni mengine.

Nikiwa wewe, onyesho lile ningeliandika hivi. Pikapu inaingia. Wafula haanguki wala hasemi. Anapanda nyuma ya gari kabla ya wengine na kuanza kumfunga baba yake kamba za viatu, zilizoachwa wazi hospitalini, na vidole vinashindwa. Anajaribu tena, vinashindwa. Watu wamesimama. Nambozo anakuja na kikombe, anampa mwanawe, mkono wa Wafula unatetemeka mpaka chai inamwagika, na mama, bila kubadilisha uso, anaufunika mkono ule kwa mkono wake na kukipeleka kikombe kinywani mwa mtu mzima mwenye watoto. Anakunywa. Kama kijana wako wa kuigiza atalia hapo, mwache alie. Asipolia, mwache pia. Kila mtu ukumbini Mbale ameona mtu akilishwa baada ya kisu, na mwili wake utakumbuka hata kama akili imesahau.

Nimebakiza mstari wako wa mwisho. Kutolia si ugonjwa, na hakuna anayeweza kukupima upendo wako kwa mama kwa kiasi cha maji. Wapo watu wanaofiwa wakamaliza msiba wao wote bila chozi na wako salama, kwa kuwa walipata njia nyingine na mtu wa kuwa nao. Ninachotaka ukitazame ni vitu vingine. Je, unalala? Je, unakula kwa hamu? Je, pombe imeongezeka tangu mwaka jana, au hasira kwa wanafunzi na watoto wako? Je, kuna mambo uliyoyapenda ambayo sasa huyasikii ladha? Wanaume wengi huniletea msiba kwa majina ya mwili: presha, vidonda vya tumbo, kichwa kisichopona, mgongo. Wamepimwa mara tatu, hakuna kilichoonekana, na wakikaa nusu saa ndipo linapotoka jina la aliyefariki. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hili nalisema kwa uzito kamili, kwa sababu takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zilionyesha kwamba waliojiua walikuwa wanaume 12.6 katika kila wanaume 100,000, na wanawake 5.4 katika kila wanawake 100,000, zaidi ya mara mbili. Ikiwa kuna usiku umewahi kufikiri kwamba ni heri usiamke, mwambie mtu leo hii, usingoje barua yangu nyingine. Watu wanalitamka jina la Butabika kama tusi, lakini ni hospitali, na msaada hauko huko peke yake. Hospitali za rufaa za mikoa nazo zina vitengo vya afya ya akili, na huhitaji kuwa umechanganyikiwa ndipo uende.

Ikiwa hayo hayapo, basi kilichobaki ni kati yako na mke wako, na nitakuomba usilichukie neno lake. Aliyekuambia umekuwa jiwe ni mtu aliyesimama kisimani siku nyingi akibembeleza. Hakuombi umwage machozi ili aridhike; anataka ajue kama uko hai ndani. Chagua jioni moja watoto wakishalala, na ikiwa mikono yako inahitaji shughuli, kaeni na kitu cha kufanya, maharage ya kuchagua au nguo za kukunja, mradi mkae karibu. Usianze na siku ya mazishi. Anza na jina ambalo mama yako alikuwa akikuita ulipokuwa mdogo, ambalo pengine mke wako hajawahi kulisikia, na umweleze ni saa ngapi za siku alipenda kukuita hivyo.